Maji ya Jumanne

Vijana wa ofisini bado hunipigia simu kuniuliza siku gani inafaa kwenda kuchota maji ya kupima. Huuliza kwa adabu, kama mtu anayemuuliza bibi yake namna ya kupika wali wa nazi, nami huwajibu kwa ukali wasioustahili: nendeni siku zote. Juzi juzi walikuwa wanakwenda Antsanitia, kaskazini ya Mahajanga, ambako kuna mtu ametaka kujenga nyumba za wageni pale mto unapokutana na bahari, na aliyenipigia akasema gari lipo siku moja tu. Nikamwambia basi msiende. Akacheka, akidhani mstaafu anatania. Sikuwa natania. Najua siku moja inavyoweza kuumaliza mto, na nitaeleza nilivyojua, maana nimechoka kukaa nalo moyoni.

Nayaandika haya kwa Kiswahili, na ndugu zangu wakisikia wataona kioja. Kwetu Kiswahili kilibaki vipande vipande: maneno ya msikitini, ya dukani na ya baharini, ambayo babu yangu upande wa baba aliyachanganya na Kingazija chake bila kujali nani anaelewa. Sisi wengine tulisema Kimalagasi cha pwani, na shuleni Kifaransa. Kiswahili kizima nimekipata ukubwani kwa mume wa Tanga, na nimekipenda kwa sababu moja ya uchoyo: ninaowasema humu hawatakisoma.

Nilizaliwa Mahajanga, nyumba ya baba ikiwa mtaa wa Ampisikina. Nilikuwa bado msichana mdogo zilipotokea zile vurugu zilizowafukuza watu wa asili ya Ngazija. Waliopona walipanda meli na kuondoka, na baba alikuwa mmoja wao. Alisema akishapata pa kukaa atatuita. Hakutuita. Mama akabaki Mahajanga akishona nguo za watu, mimi nikapelekwa kisiwa cha Nosy Be kwa mdogo wake, ambaye watu hawakuwa na neno naye kwa kuwa upande wa mama ni wa pale pale tangu zamani. Ndivyo nilivyoingia mikononi mwa mama mdogo, na mikono yake haikuwa laini.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, aliyenizidi umri kidogo. Alioka mkate wa sinia na kuuza mjini, na kijijini yeye ndiye aliyeosha maiti wa kike. Hakupenda watoto wanaouliza uliza. Kama ulimwuliza kwa nini, alikujibu "kwa sababu nimesema," na ukirudia, mwiko wa kukorogea unga ulikuwa karibu. Nilimwogopa kwa muda mrefu kabla sijajua kuwa nampenda.

Mto wa kijiji chetu ulikuwa mdogo. Ulishuka kutoka kwenye vilima vya mlangilangi, ukapita nyuma ya nyumba zetu, ukaingia kwenye mikoko na kumalizikia baharini. Watu wa mjini wangeuita kijito. Lakini tuliunywa, tuliufulia, tuliutilia udhu, na wafu wetu waliondoka duniani wakiwa wameoshwa kwa maji yake. Na siku ya Jumanne ulipumzika.

Huo ulikuwa mwiko wetu, fady kama tulivyoita. Jumanne mtu hakuchota maji mtoni, hakufua, hakutega kamba, hakutia mguu. Jumatatu jioni wanawake walijaza mitungi, na kulipokucha hata mbwa walizuiwa wasisogee ukingoni. Kama kuna aliyeona kwamba Mwislamu hana haja ya kuupumzisha mto, hakulisema mbele ya mama mdogo. Sheikh mmoja kutoka mjini alilisema mara moja. Akaambiwa maji ya udhu yamo mtungini, karibu. Akatawadha, akaswalisha, wala hakulirudia.

Jumanne hiyo hiyo ilikuwa na kazi moja, nayo ilikuwa hukumu. Watu wawili wakishindana juu ya mpaka wa shamba, au mtu akikana mzigo alioachiwa, na wazee wakishindwa kuwapatanisha, walipelekwa ukingoni siku ya Jumanne. Mwanamke wa ukoo wa mama mdogo aliingia mtoni peke yake, akachota bakuli moja, na wote wawili wakanywa. Muongo tumbo lingemvimba kabla ya Jumanne nyingine. Nilimwona kwa macho yangu mwanamume aliyedaiwa kuiba nyavu. Alishika bakuli, akalitazama, akaliweka chini, akaenda kuzileta nyavu. Kwa hiyo usiniambie haikuwa na maana. Watu walikuwa wakiyaogopa maji yale kuliko askari.

Nilipokua nilirudi Mahajanga kusoma. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni ikipatikana leo unaisahau mpaka mwezi ujao, na nilisomea mambo ya maji kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Sikuwa na ndoto yoyote ya kuokoa mito. Nilitaka mshahara. Nikapata kazi katika ofisi ya kupima maji, nikajifunza kushika chupa mdomo ukielekea mkondo unakotoka, kuyachuja maji kwenye karatasi nyembamba, kuiweka karatasi ndani ya kisahani na kisahani ndani ya kisanduku cha joto, kisha kungoja kukuche. Kama kulikuwa na kinyesi majini, vitone vya manjano viliota juu ya karatasi. Kazi ilinikaa. Ni kazi inayomfaa mtu mkorofi, maana kila mtu anakwambia maji yake ni safi na wewe unangoja asubuhi.

Huku nyuma Nosy Be iligeuka. Wageni walianza kuja kwa wingi kuota jua, na kila mwenye fedha akataka kipande cha ufuo. Upande wa pili wa rasi ya kijiji chetu ikajengwa hoteli. Mwenyewe alikuwa mgeni, mtu wa kucheka na kupiga watu mabega. Vibanda vya kulala alivijenga mbele, penye mchanga mweupe. Shimo kubwa la maji taka hakulitaka karibu na pua za wageni wake, akalichimba nyuma ya kilima, na nyuma ya kilima ndipo ulipopita mto wetu, juu kidogo ya mahali walipochota wanawake. Kwenye ramani ya ofisi ulikuwa uamuzi wa maana sana. Kwenye ramani hatukuwamo.

Vijana wa kijiji walipata kazi pale, akiwemo mtoto wa mama mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na mke na binti mdogo. Kumbukeni kwamba kabla ya hapo hakuna aliyejua mshahara wa kila mwezi ukoje. Alituambia anafanya kazi ya bustani. Kila nilipokuja likizo nilimkuta akirudi jioni ananuka sabuni kuliko mtu yeyote kijijini, tukamtania kwamba hotelini wamemfanya bwana harusi. Alicheka nasi. Matunda ya mapato yake yalikuwa wazi: bati jipya juu ya nyumba ya mama yake, na sinia mpya za kuokea.

Kisha yule binti yake akaanza kuugua tumbo. Alipona, akaugua tena, mpaka akawa macho na mbavu. Watoto wa nyumba nyingine wakafuata. Wanawake walisema maji ya asubuhi yana utelezi, wakati mwingine yana harufu, na wakanyoosha kidole kwenye kilima. Mwenye hoteli akaapa kwamba shimo lake halivuji hata tone. Mambo yangeishia hapo kama asingetaka kuongeza vyumba. Lakini alitaka, na ili aongeze vyumba ilipasa athari za ujenzi kwa mto zitathminiwe kwanza, na ofisi iliyotakiwa kwenda kupima ilikuwa yetu.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kama mtu anayekwenda harusini. Mkuu wangu wa kazi ndiye aliyeongoza safari. Alikuwa mtu wa pwani kama mimi, mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye mashua, na aliyependa sana chakula cha mchana kiwe tayari mapema. Tulifika Jumatatu na jioni ile ile kukawa na kikao chini ya paa la shule: wazee, wanawake, msimamizi wa hoteli na sisi wawili. Nikasema kwamba mto unapimwa siku nyingi, asubuhi na jioni, penye mvua na pasipo mvua, na kwamba naomba angalau wiki. Mkuu wangu akasema ana posho ya siku chache na kisanduku chenyewe kinatakiwa kwingine. Siku moja ya kuchota, akasema, na wenyeji waichague wenyewe ili kusiwe na manung'uniko.

Mama mdogo akasimama. Akasema siku inajulikana, hakuna haja ya kuichagua.

"Bwana mwenye hoteli ameapa kuwa hauchafui mto wetu, na sisi tumesema anauchafua. Hiyo ni kesi. Kesi inaamuliwa kwa maji ya Jumanne."

Wazee wote wakaitikia. Niliwaona wale wanawake waliouguza watoto jinsi nyuso zao zilivyochangamka, kwa sababu sasa yule mtu amenaswa, sasa mto wenyewe utamsema mbele ya serikali. Mkuu wangu akaweka mkono kifuani na kuinama, akasema ofisi inaheshimu mila. Msimamizi wa hoteli akauliza kama ni lazima avue viatu. Akaambiwa ndiyo. Akasema hana pingamizi.

Usiku ule nilimfuata mama mdogo jikoni. Nikamwambia Jumanne si siku ya kupima, kwa kuwa Jumanne hakuna anayefua, hakuna anayeoga, mto wote umetulia. Mtu anayetaka kumkamata mwizi haendi siku ambayo soko limefungwa. Nikamwambia pia kwamba hoteli imeshajua tunakuja, na wanaweza kujizuia siku moja. Alikuwa anakanda unga na hakunitazama. Akaniambia mtu anaweza kumficha askari, anaweza hata kunificha mimi na chupa zangu, lakini mto utajua. Halafu akaniambia niende nikalale.

Kulipokucha kijiji kizima kilikuja ukingoni, na hakuna aliyepiga kelele. Mama mdogo alivaa nguo zake nyeupe, zile alizovaa alipokwenda kuosha maiti, akaingia mtoni hadi magotini. Akazijaza chupa zangu moja moja, kwa namna nilivyomfundisha, mdomo ukielekea mkondo unakotoka. Maji yalikuwa maangavu mno. Niliona kokoto za chini na vidole vya miguu yake. Nilikasirika kuyaona safi vile, jambo ambalo mpimaji hatakiwi kulihisi. Msimamizi wa hoteli alisimama miguu mitupu katika nyasi akijikuna penye mbu.

Nilichuja maji chumbani kwa mama mdogo na kukiwasha kisanduku kwa betri ya gari. Asubuhi ya Jumatano, kabla sijafungua visahani, nilikwenda mtoni kunawa uso. Harufu ilinipokea kabla sijafika. Maji yalikuwa na wingu, na kwenye mizizi ya ukingoni paliganda povu la kijivu lililonata vidoleni. Nikarudi mbio kuchukua chupa zilizosalia, nikachota mwenyewe, peke yangu. Kisha nikafungua visahani vya Jumanne. Karatasi zilikuwa nyeupe. Vitone viwili vitatu vilijificha pembeni, vya kiasi ambacho mto wowote unaopita penye ng'ombe unaweza kuwa navyo. Mto ulikuwa umesema hoteli haina kosa.

Visahani vyangu vya Jumatano vilikuwa tayari Alhamisi, na vilikuwa vya manjano mwanzo hadi mwisho, kama wali uliotiwa bizari. Nilivipeleka kwenye kikao cha kufunga kazi na kuviweka juu ya dawati la shule. Nilieleza vizuri, bila hasira, au nilidhani ni bila hasira. Mkuu wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole ulionichoma zaidi kuliko matusi kwamba maji haya yamechotwa na mtu mmoja, mwenye ndugu kijijini, bila shahidi, nje ya siku iliyokubaliwa na wote. Hata hivyo, akasema, yeye si mtu wa kiburi. Waulizwe wenye mto.

Nikamgeukia mama mdogo. Nilijua kuwa yeye akisema neno moja tu, wazee watamfuata. Mjukuu wake alikuwa amelala mapajani mwake, mikono imekuwa vijiti. Alivitazama vile visahani kwa muda. Alivielewa, hakuwa mjinga. Alijua manjano ile ni kitu gani.

"Maji ya Jumatano ni ya kufulia nguo," akasema. "Sisi tulimpeleka mtu huyu mbele ya mto, na mto umemwachia. Siwezi kumhukumu mara ya pili kwa sababu jibu halikunipendeza."

Alilisema kwa uchungu, nami niliuona uchungu ule, lakini alilisema. Wazee wakainamisha vichwa. Baadaye, nilipokuwa nafunga mizigo, alikuja mlangoni akaniuliza kama huko shule nilikosomeshwa walinifundisha kurudia kesi mpaka nishinde. Alikuwa ananionea haya. Mimi niliyekuja kumtetea, alinionea haya kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sinia la watu. Nikaendelea kukaza kamba ya mzigo. Njia nzima kurudi Mahajanga, baharini na barabarani, sikusema na mkuu wangu, na yeye alidhani ni kichefuchefu cha mashua, akanipa ndimu ninuse.

Taarifa ilisema hatari kwa mto ni ndogo. Vyumba vikaongezwa, kisha vikaongezwa tena. Mimi nikawa na adui wa kumchukia, na nikamchukia kwa bidii. Niliamini kwamba mkuu wangu na mwenye hoteli walikula njama. Kwamba walijua mapema watu wa kijiji watadai Jumanne, na shimo likafungwa siku hiyo kwa makusudi. Nilimnyima salamu mpaka alipostaafu. Leo najua hakuwa na akili ya kupanga jambo kama lile. Yapo mengine ya kumchukia, kwa hiyo sikupoteza muda wote.

Kijiji nacho kiliisha taratibu. Wanawake walianza kutembea hadi chemchemi ya juu kuchota maji ya kunywa, kisha shamba lenye chemchemi likauzwa na kuzungushwa ua. Hoteli ikawachimbia kisima cha pampu kama zawadi, kukawa na sherehe na picha, na kisima kikatoa maji ya chumvi. Aliyekuwa na kiwanja akauza. Mama mdogo alikuwa wa mwisho mwisho. Aliosha maiti kwa maji ya kununua, na hilo, aliniambia, ndilo lililomshinda. Nikaenda kumchukua, nikamleta kwangu, mtaa wa Tsaramandroso, akiwa mzee, na sinia zake zimefungwa kwenye kanga.

Mahajanga hakuizoea. Vumbi jekundu lilimuudhi, na maji ya bomba la mtaa aliyaita maji yatima, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia yanatoka mto gani. Lakini Jumanne aliendelea kuishika. Jumatatu jioni alihakikisha ndoo na madumu yote ya nyumba yamejaa, na kesho yake hakuna aliyeruhusiwa kwenda bombani. Mume wangu, aliyekuwa amehamia kwetu kwa biashara ya viungo, alimwuliza mto gani tunaupumzisha hapa mjini. Akamjibu kwamba anampumzisha yeye na maswali yake. Majirani wakazoea. Jumanne ikifika walijua foleni ya bomba itakuwa fupi kwa nyumba moja.

Mimi na yeye hatukuwahi kuizungumza siku ile ya visahani. Ilikaa katikati yetu tulipokula na tulipotazamana. Nilikuwa nimemsamehe nusu, na nadhani yeye nusu.

Kisha hoteli ikanunua mtambo wa kusafisha maji taka na kuwapunguza wafanyakazi, na mtoto wake akaja Mahajanga kutafuta kazi. Binti yake alikuwa ameshakua, ameolewa kisiwani, mwembamba mpaka leo. Tulikaa uani baada ya chakula, mama mdogo akichambua mchele. Mtoto wake akawa analalamika juu ya ule mtambo, akasema kwamba sasa mashine inafanya kazi aliyoifanya yeye miaka yote. Mama yake akauliza mashine gani inayopalilia bustani.

 Mtoto wake sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na nadhani alichoka kuona haya. Akasema hakuwahi kufanya kazi ya bustani. Kazi yake ilikuwa shimo. Lilipojaa, alifungua koki alfajiri na maji yakaenda mtoni, na aliambiwa mto unaopita hujisafisha wenyewe, naye akaamini kwa sababu alitaka kuamini. Alikuwa akioga kwa sabuni kabla ya kurudi nyumbani ili mama yake, mwosha maiti, asijue kwamba mwanawe anashika kinyesi cha watu.

 Mkono wa mama mdogo ulikuwa umesimama juu ya ungo. Na yule mtoto, akiona uso wa mama yake, akataka kumpoza. Alitafuta jambo jema katika miaka ile yote la kumpa, na akalipata.

"Lakini Jumanne sikuigusa koki, mama. Hata mara moja. Msimamizi alinitisha atanifukuza, nikamwambia afukuze. Ulivyonilea ndivyo nilivyofanya."

Nilisikia kile kitu kikiingia mahali pake kichwani mwangu, na nikatamani kisingeingia. Hakukuwa na njama. Shimo lilifungwa kila Jumanne ya Mungu, tukiwepo na tusipokuwepo, kwa sababu mama mmoja alimlea mtoto wake vizuri. Tulikwenda kuuliza mto siku pekee ambayo mtu wa kijiji asingeuchafua kwa fedha yoyote. Nilimwangalia mama mdogo nikijua kuwa na yeye ameshafika. Alikuwa mwepesi kuliko mimi siku zote.

"Na Jumatano?" akauliza.

"Jumatano lilikuwa linafurika," mtoto wake akasema. "Nilikuwa nafungua mapema."

Akaendelea kuchambua mchele. Alipomaliza akaupepeta, akaingia ndani kuswali, na swala yake ilikuwa ndefu. Mtoto wake akaniuliza kwa sauti ya chini kama amesema vibaya. Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba utii wake ndio ulioiokoa hoteli, na binti yake alikonda kwa sababu baba yake ni mtu wa mila? Akaondoka siku chache baadaye, amepata kibarua bandarini, na mama yake akamwombea dua kama kawaida na kumfungia mkate.

Jumatatu iliyofuata jioni niliona madumu hayajajazwa. Nikadhani amesahau, nikafurahi kwa siri, kwamba uzee unamfutia. Nikajaza mimi. Asubuhi nilipoamka niliyakuta yamemwagwa yote uani, udongo umelowa, na yeye akifunga kanga kiunoni. Akachukua dumu moja la njano akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni nikiwa sijavaa viatu.

Foleni ya bomba ilikuwa imeshaanza. Mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye kila Jumanne alikuwa akimtania kwamba leo bibi anampumzisha mkwe wake, alimwona akija na akampisha njia, kisha akamwambia kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa, kwamba leo ni Jumanne.

"Najua," mama mdogo akasema, akalisogeza dumu lake chini ya bomba na kufungua maji.